Hotuba Juu ya Vyombo vya Darasa Katika Shule Zilizopatwa na Maji ya Mto Nzoia

Ilisomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetuagiza tuseme habari ya neno moja tu, nalo ni vyombo vya darasa katika shule za kwetu Bunyala. Hesabu ya fedha haimo katika maneno haya, kwa kuwa Mtunza Hazina amekwisha kuiandika katika kurasa zake, na mwenye kuitilia shaka na amwulize yeye. Kazi yetu ni kueleza kwa nini Halmashauri imekusudia kununua vitu fulani na kuacha vingine, kisha kuwaomba wazee shauri katika jambo ambalo sisi wenyewe tumeshindwa kulikata.

Wazee wanaijua habari ya maji kuliko sisi. Lakini wamo humu vijana waliozaliwa Nairobi ambao hawajapata kuliona tuta la Nzoia hata siku moja, na kwa ajili yao twasema kwa ufupi. Mto Nzoia hutoka katika milima ya Cherangani, ukapokea na mito iteremkayo kutoka Mlima Elgon, ukasafiri kilometa 250 hivi, ndipo ukamwagika katika Ziwa Victoria hapo kwetu. Sisi tu chini kabisa, kama sahani iliyowekwa chini ya mdomo wa birika. Mvua yaweza kunyesha Kitale sisi tukiwa twaanika mahindi juani, na maji hayo hayo yakaja kutubisha hodi baadaye, usiku, hali mbingu zetu ni nyeupe.

Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961 ziliinua ziwa kwa zaidi ya meta 2 kufikia mwaka 1964. Baadaye serikali ilijenga matuta pande zote mbili za mto, watu wakapumua. Lakini tuta la udongo lisipotunzwa huwa mji wa panya na njia ya ng'ombe, na mto ukaja kuyavunja, mwaka 2007, na mwaka 2008, na tena mwaka 2011. Kisha yakaja maji ya Mei 2020. Mwezi ule ziwa lilipita alama ya mwaka 1964, ambayo haikuwa imepitwa kwa miaka 56, hata mto ulipofika mdomoni haukupata pa kumwaga mzigo wake. Na Mei 2024 ziwa likapanda juu zaidi ya alama ya 2020. Kwa hiyo, ndugu zetu, anayenunua dawati la shule ya Bunyala na alinunue akijua kwamba maji yatakuja kulitembelea.

Maji ya 2020 yalizikuta shule katika hali isiyopata kuonekana. Serikali ilikuwa imezifunga shule zote za Kenya katikati ya mwezi wa Machi kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na walimu wengi walikuwa wamekwenda kwao. Vitabu vilikuwa kabatini, kabati lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu aliye mbali. Katika miaka mingine, maji yaanzapo kupanda, watoto wa madarasa ya juu huitwa wakabeba vitabu kichwani hadi mahali pakavu. Safari hii hapakuwa na mtoto wala mwalimu. Maji yaliingia katika vyumba vilivyofungwa, yakakaa humo hadi yalipotaka yenyewe kutoka.

Shule zilizo mahali pa juu zilipatwa na msiba wa namna nyingine. Watu waliokimbia nyumba zao walihamia humo, jamaa kadhaa katika darasa moja, na wengine waliokosa nafasi wakapiga vibanda juu ya tuta lenyewe. Mvua haikukatika. Madawati yakawa kuni. Baadhi ya wanachama wamelisema jambo hili kwa uchungu mwingi, nasi twawaelewa, maana dawati ni jasho la wazazi. Lakini na tulipime kwa haki. Mama ana watoto wanne sakafuni, kila ukuni ulio nje umelowa, unga wa msaada umefika, na mbele ya macho yake pana mbao kavu. Angefanya nini? Halmashauri haikutaka kutafuta ni nani aliyechoma. Imeona ni afadhali kuuliza kwa nini shule ambayo miaka yote inajulikana kuwa ndiyo kimbilio la watu haijapata kuwekewa kuni.

Tarehe 12 Oktoba 2020 madarasa machache yaliitwa kurudi, na tarehe 4 Januari 2021 wakarudi wote. Amri ilikuwa watoto wakae mbalimbali kwa ajili ya ule ugonjwa. Kukaa mbalimbali! Watu wasio na pa kukaa pamoja watakaaje mbalimbali? Walikaa juu ya matofali, juu ya mitungi ya plastiki iliyokatwa, na wengi wao sakafuni. Mama zetu wametueleza jambo ambalo wanaume tusingelifikiri upesi: kwamba msichana aliyekwisha kukua haoni vema kukaa sakafuni kutwa nzima mbele ya wavulana, na huanza kukosa shule siku moja moja, kisha wiki, kisha haji tena. Na aliyekuja anaandikia magotini. Darasa la watoto 60, wakikaa watatu watatu, lataka madawati 20. Wakibanwa watano watano, madawati 12 yatawaingiza wote, ila mkono wa kuandika hauna pa kukunjuka, na mwalimu hawezi kupita kati yao kuona kazi.

Mtu aliye mbali hudhani kwamba maji yakitoka, chombo huanikwa juani kikarudi kama kilivyokuwa. Matope ya Nzoia hayana huruma hiyo. Huingia katika maungio ya dawati, mbao zikavimba. Jua likiwaka zinapasuka, misumari inalegea, na dawati laanza kuyumba kama mlevi. Mbao zile za kubandikwa kwa gundi ndizo mbaya kupita zote: hufumuka tabaka kwa tabaka kama kitunguu, wala hakuna fundi awezaye kuzirudisha. Chuma huliwa na kutu miguuni, pale pale yaliposimama matope. Vitabu vya karatasi ya kung'aa hushikana kurasa hadi vikawa tofali. Ubao wa mbao uliotundikwa hupinda. Bali ubao uliopigwa plasta ya saruji ukutani na kupakwa rangi nyeusi, huo hubaki, wataka kuoshwa na kupakwa upya tu. Wazee watakumbuka jinsi ubao ulivyokuwa ukipakwa mkaa uliosagwa pamoja na ile nyeusi iliyomo ndani ya betri kuukuu za tochi. Ulikuwa mweusi kweli kweli, lakini uchafu ule wa betri ni sumu, na twaomba mtu yeyote asiufufue ujuzi huo kwa ajili ya kuokoa bei ya mkebe wa rangi.

Sasa mtu atauliza, je, hii si kazi ya serikali? Ni kazi yake, nasi hatuachi kuikumbusha. Lakini kuta na mabati vina watu wake. Tangu sheria ya Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge ilipopitishwa mwaka 2003, madarasa mengi yamejengwa nchini, na kwetu pia, nasi twashukuru. Darasa lina mlango wa kukatia utepe na ukuta wa kubandikia jiwe la ufunguzi. Dawati halina hata kimoja katika hivyo, na kwa sababu hiyo huachiwa wazazi. Elimu ya msingi bila karo ilipoanza Januari 2003, watoto waliruka katika nchi nzima kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7 katika mwaka mmoja. Madawati hayakuruka pamoja nao. Tena tangu Januari 2023 Sekondari Msingi imewekwa humo humo katika shule za msingi, hata leo mvulana mwenye ndevu za kwanza anakunja magoti katika dawati lililochongwa kwa ajili ya nduguye mdogo.

Ndiyo maana Halmashauri imekataa dawati la kipimo kimoja. Tutachonga vipimo vitatu. Kanuni ya fundi ni nyepesi: mtoto akikaa, nyayo zake zote ziguse sakafu, na viwiko vyake vilale juu ya meza pasipo mabega kupanda. Dawati likimpita kimo, miguu huning'inia ikafa ganzi, na mtoto huonekana mtukutu kumbe anatafuta damu yake.

Baada ya mafuriko huja pia wageni wenye moyo mwema, na vitu vyao twavipokea kwa mikono miwili. Katika vitu hivyo kimoja kimetufundisha. Shirika la UNICEF lina sanduku la shule, ambalo lilianza kutumika wakati wa wakimbizi wa Rwanda katika miaka ya 1990. Ndani yake mna vifaa vya mwalimu mmoja na wanafunzi 40: madaftari, penseli, chaki, mikasi na vinginevyo. Na kifuniko cha sanduku, kikipakwa rangi iliyomo ndani yake, huwa ubao. Sanduku lenyewe halikuundwa kuwa shule ya kudumu, wala halikutwambia hivyo. Lakini aliyelibuni aliwaza mapema kwamba darasa litahama, akafanya kila kitu kiweze kubebwa. Sisi tunaohamishwa na mto tangu zamani tumeendelea kununua makabati mazito ya kukaa chini, yenye miguu ya inchi tatu, kama watu waliojenga mlimani.

Kwa hiyo twataka vyombo vya Bunyala viwe vya kubebeka. Dawati litafungwa kwa bolti badala ya misumari, ili watoto wawili wakubwa na spana moja waweze kulivunja vipande, na vipande vikapandishwa juu. Miguu itapakwa oili chafu ya gari, kama mafundi wetu wafanyavyo kuzuia mchwa, tena itapakwa hadi kimo cha goti tu, maana nguo za shule ni nyeupe na sabuni ni ghali. Kabati halitakaa chini. Litakuwa rafu ya ukutani, yenye mlango, juu ya alama ya maji. Hapo twatoa ombi kwa walimu wakuu: katika shule nyingine, mara baada ya maji kutoka, kuta zilipakwa chokaa na ile alama ya rangi ya udongo ikafunikwa, kwa kuwa ilionekana ni aibu. Tafadhali muirudishe. Chora mstari, andika mwaka wake. Fundi atajua mahali pa kupigilia rafu, na mtoto atajua maji yalimpita kimo kwa kiasi gani.

Tuje kwa mafundi. Mfanya biashara mmoja wa mjini alituletea bei ya madawati ya chuma, nayo ilikuwa bei nzuri mno. Wajumbe wawili wa Halmashauri walikwenda kuyatazama kabla ya kutoa hata senti moja. Waliona mabomba membamba yaliyopigwa moto mahali pawili tu kila kona, na rangi iliyopakwa juu ya kutu. Mmoja wao, ambaye si mtu mnene, aliketi juu ya dawati, nalo likapiga yowe. Tukarudi nyumbani. Ni kweli kwamba mbao nazo zimekuwa ghali, hasa baada ya serikali kukataza ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018. Katazo hilo lilianza kulegezwa mwaka 2023. Lakini mikaratusi ya mashamba ya watu ipo, katika sehemu za juu za mkoa wetu, na mbao zake zikikaushwa kivulini kwa subira hutoa dawati lenye nguvu. Zikifanyiwa haraka hupinda, basi katika mapatano tumeandika muda wa kukausha kabla ya muda wa kuchonga.

Kazi itachongwa Budalangi na Port Victoria, na mafundi wa huko huko. Serikali yenyewe ilitumia njia hiyo mwaka 2020 ilipoagiza madawati kwa mafundi wa jua kali. Fundi aliyefurikiwa ana vinywa vya kulisha, na nyumba yake pia imeanguka. Shilingi ikimfikia huzunguka katika soko letu mara kadhaa kabla ya kutoka. Tena dawati likilegea mwezi wa tatu, twajua mlango wa kubisha. Na tumepatana kwamba kila fundi achukue vijana wawili waliomaliza shule, awafundishe kufunga na kufungua zile bolti, kwa sababu siku ya maji fundi mwenyewe atakuwa akiokoa mbuzi wake.

Wanachama wengine walitaka twanze na kompyuta, wakisema dunia imekwenda mbele. Hatupingani nao juu ya dunia. Vishikwambi vya serikali vilianza kugawiwa kwa madarasa ya kwanza mwaka 2016, na twafurahi. Lakini kishikwambi nacho chataka meza ya kuwekewa na kabati la kufungiwa, basi hata mwenye kuipenda kompyuta na atuunge mkono katika mbao.

Likaja na swali la jina. Ndugu kadhaa walipendekeza jina la Chama liandikwe kwa rangi nyekundu mbele ya kila dawati. Halmashauri, baada ya maneno marefu ambayo hatutayarudia hapa, imeamua liandikwe jina la shule na namba, kwa chuma cha moto, upande wa chini. Sababu yajulikana na kila mtu aliyepata kwenda matangani kwetu. Madawati ya shule huazimwa kwa mazishi, hayo hukopeshwa arusini, arusi huyapeleka kwenye mnada, na mwisho hakuna ajuaye lipi ni la nani. Jina letu halitalirudisha dawati shuleni. Namba yaweza.

Sasa hoja nzito. Wazee wawili, ambao twawaheshimu sana, waliuliza katika mkutano wa mwezi wa tatu: je, ni busara kuweka mali mahali ambapo maji yatarudi? Kwa nini shule isihamishwe kwanza, au tusingoje hadi tuta lijengwe upya kwa mawe? Tumeifikiri hoja hii kwa siku nyingi. Kuhamisha shule kwataka ardhi, na ardhi ya juu ina wenyewe. Mazungumzo hayo yaendelee, wala Chama hakitayazuia. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka 6 maji ya 2020 yalipokuja amekwisha kufika Sekondari Msingi. Huyo hakungoja tuta. Umri wake ulikwenda akiwa sakafuni, na hakuna mkandarasi atakayeurudisha. Dawati la bolti litahama pamoja na shule siku itakapohama. Kwa hiyo jibu la Halmashauri ni kununua sasa, na kununua kitu kinachojua kukimbia.

Limebaki jambo lile tunaloliweka mbele ya wazee. Maji yajapo usiku na mwalimu mkuu hayuko, ni nani mwenye amri ya kufungua darasa, kupandisha vyombo, na kuwaingiza watu? Tukimpa ufunguo wa pili liguru wa kijiji, walimu wasema kwamba mali ya shule itakuwa mikononi mwa mtu asiyeandikwa kazi. Tukiuacha ufunguo kwa mwalimu peke yake, tumerudi kwa kufuli ya 2020. Kina mama wametoa shauri la tatu: ufunguo ukae kwa mama mmoja aliye jirani na shule, atakayechaguliwa na wazazi, naye awe pia mlinzi wa ghala la kuni ambalo kila nyumba italijaza mzigo mmoja kabla ya mvua za Machi. Halmashauri imegawanyika sawasawa juu ya haya matatu, na Mwenyekiti hakutaka kutia kura yake ya kukata.

Mfano wa dawati la bolti umesimama pale mlangoni, pamoja na spana. Atakaye kulivunja na kulifunga tena na ajaribu wakati wa chai. Orodha ya mbao na vipimo iko mezani kwa Katibu. Baada ya chai, Mwenyekiti ataomba wazee waseme juu ya ufunguo.